Bwawa la Joka Jeusi, Lijiang: je, mama yangu atawaona Wanaxi, au ataona mapaa tu?

Binti wa Mwalimu aliuliza:

Ndugu zangu wa jukwaa hili, wakubwa shikamooni, na wenzangu salaam.

Ninasoma Kunming, mkoani Yunnan, na mwezi Novemba mama yangu mzazi atakuja kunitembelea. Mama amefundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na mmoja, akiwashika watoto mikono ili waandike herufi zao za mwanzo, na tangu siku nilipomweleza kwamba kaskazini mwa mkoa huu wapo Wanaxi, ambao makuhani wao huandika kwa picha, hana mazungumzo mengine. Nimepanga tupande treni ya mwendo kasi hadi Lijiang, safari ya saa tatu hivi, tulale siku mbili katika mji mkongwe wa Dayan, na siku moja nzima tuitumie katika bustani ya Bwawa la Joka Jeusi, ambayo Wachina huiita Heilongtan na wengine huiita Yuquan.

Kinachonitia shaka ni maneno ya mwanafunzi mwenzangu, mwenyeji wa mkoa huuhuu, aliyeniambia kwamba hiyo ni bustani ya Kichina kama nyingine zote, yenye daraja, ziwa na mapaa yaliyopinda, na kwamba anayetaka kuwajua Wanaxi asipoteze muda wake pale. Picha za mtandaoni hazinisaidii, kwa sababu karibu zote zimepigwa kutoka mahali pamoja: daraja la mawe, jumba la ghorofa tatu kando yake, na mlima wa theluji nyuma. Nimesikia pia kwamba kuna miaka bwawa hukauka kabisa. Isitoshe, mama ana magoti mabovu na hunywa dawa za shinikizo la damu, na ndugu mmoja ananishauri nimpandishe kwa gari la nyaya hadi kwenye theluji, kwa madai kwamba kufika Lijiang bila kuugusa mlima ni hasara. Naomba ushauri wa watu waliofika wenyewe.

Fundi wa Mbao alijibu:

Dada, nikupongeze kwanza kwa kumtafutia mama safari inayolingana na moyo wake. Niliishi Lijiang kwa miezi saba nikijifunza ujenzi wa mbao, na bustani hiyo niliipita asubuhi nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Mwenzako hajasema uongo, ila ameishia langoni. Mapaa yaliyoinua ncha, vigae vya kijivu na kumbi zilizozunguka ua ni ujenzi wa Wahan, kabila lililo kubwa kuliko yote China, lakini haukuingia Lijiang juzi kwa ajili ya watalii. Ukoo wa Mu, uliowatawala Wanaxi kwa karne kadhaa na kupewa jina hilo na mfalme wa kwanza wa nasaba ya Ming mwaka 1382, ulijenga makasri na mahekalu kwa mtindo huo huku ukiendelea kushirikiana na watawa wa Kitibeti upande wa kaskazini. Mwaka 1723 nasaba ya Qing iliwavua akina Mu utawala wa kurithi na kuweka maofisa wake yenyewe, na miaka 14 baadaye, mwaka 1737, hekalu la mungu joka likajengwa kando ya chemchemi zilizo chini ya Mlima wa Tembo. Bustani ilianzia hapo. Kwa hiyo anayeuliza kama majengo haya ni ya Kinaxi au ya Kihan anawauliza watu waliokaa njia panda miaka mia kadhaa wachague barabara moja, na mimi sioni haki katika swali hilo.

Usikubali mama aondoke bila kusimama mbele ya Wufenglou, yaani Jumba la Feniksi Watano. Lilijengwa mwaka 1601, si hapo lilipo sasa bali katika hekalu la Kibuddha la Fuguo, mlimani karibu na Baisha, na katika miaka ya 1970 lilifumuliwa, likasafirishwa na kuunganishwa upya bustanini. Lina mapaa matatu yaliyopandana na kimo cha mita 20 hivi. Kila paa lina ncha nane, jumla yake 24, na kutoka upande wowote utakaosimama macho yanaona ndege watano wanaotaka kuruka. Nguzo 32 ndizo zinazolibeba, nazo nne za katikati zina mita 12 kila moja.

Mimi nilizoea kusimama chini ya ukingo wa paa nikitazama juu, mahali ambapo vipande vifupi vya mbao vimepandana tabaka kwa tabaka kama vidole vilivyofumbatana, kila kimoja kimechongewa ulimi unaoingia katika tundu la mwenzake. Jengo la namna hiyo linaweza kufumuliwa kama mkeka na kusukwa tena mahali pengine, na hivyo ndivyo lilivyohama. Tetemeko la Februari 3, 1996, lililoua watu zaidi ya 300 katika eneo hilo, lilionyesha faida nyingine ya kazi hii, kwa kuwa katika nyumba nyingi za jadi kuta za udongo zilimwagika na fremu ya mbao ikabaki imesimama. Jumba uliloliona pichani kando ya daraja ni jingine, huitwa Deyuelou, na hilo liliungua mwaka 1950 likajengwa upya mwaka 1963.

Hata hivyo, kama ningekuwa na saa moja tu, ningeitumia kwa maji kuliko kwa mapaa. Maji yanayobubujika chini ya Mlima wa Tembo hutoka bustanini upande wa kusini, hushuka hadi mwanzo wa mji mkongwe, hapo hugawanyika mikondo mitatu, na kila mkondo hugawanyika tena kuwa mifereji midogo inayopita milangoni mwa watu. Mji wa Dayan uliwekwa kuzunguka mifereji hiyo, na UNESCO ilipouorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 1997 ililihesabu na bwawa hili pamoja nao. Kwa hiyo msiende kwa teksi. Anzeni asubuhi kwenye magurudumu makubwa ya maji yaliyo mlangoni mwa Dayan, mfuate mto kinyume na mkondo wake, mwendo wa kilomita moja hivi katika njia tambarare ambayo magoti ya mama hayataigombeza. Na kabla ya kutoka mjini mtafuteni hata mmoja wa wale wanaouza mboga akuonyesheni kisima cha macho matatu. Ni vidimbwi vitatu vya mawe vilivyopangwa kimoja chini ya kingine: cha juu ni cha maji ya kunywa, cha kati ni cha kuoshea mboga, na cha chini ni cha kufulia nguo. Hakuna mlinzi na hakuna kibao kinachohitajika kwa mwenyeji, kwa maana mtoto hukua akijua nani anakunywa chini yake.

Muuguzi Mstaafu alijibu:

Binti yangu, nitasema machache kuhusu afya. Kunming iko kwenye mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari na Lijiang kwenye mita 2,400 hivi, kwa hiyo mama akikaa kwako siku nne au tano kwanza, mwili wake utakuwa umeanza kuzoea. Gari kubwa la nyaya la Mlima wa Joka la Jade, ule mlima wa theluji wa pichani, ni jambo jingine kabisa, kwa sababu humtoa mtu mita 3,356 na kumwacha mita 4,506 katika muda mfupi sana, kisha ngazi za mbao huendelea hadi mita 4,680. Mtu mwenye shinikizo la damu asipandishwe huko kwa sababu tu ya kumwonea haya ndugu. Hakikisha daktari wake amempima kabla ya safari, dawa zake zikae katika mkoba wa mkononi, na siku ya kwanza Lijiang iwe ya kupumzika.

Kilele cha mlima huo, chenye mita 5,596, kinaonekana vizuri kutoka bwawani. Novemba mvua za Juni hadi Septemba zimekwisha na anga huwa safi, hasa saa za asubuhi kabla ya upepo kuyachafua maji. Ngazi za kupanda Mlima wa Tembo muwaachie vijana.

Mgeni wa Baisha alijibu:

Ninawaheshimu waliotangulia, lakini ni lazima niseme lililonipata. Nilifika pale katika mmojawapo wa miaka ya ukame ya muongo wa 2010, na bwawa halikuwepo. Daraja lenye matao matano lilikuwa limesimama juu ya tope lililopasuka na kuota majani, na watu walikuwa wakitembea pale ambapo pichani panaonekana mlima umelala majini. Nilihuzunika kama mtu aliyekuta nyumba ya wenyeji wake imefungwa. Chemchemi zile hutegemea maji yanayopita chini ya ardhi katika miamba ya chokaa, kwa hiyo mvua zikipungua miaka kadhaa mfululizo, hushuka zote kwa pamoja, na zikirejea haziinuki kwa mvua ya siku moja. Wiki moja kabla ya safari mwambie mtu aliye Lijiang akutumie picha aliyoipiga siku hiyohiyo, usitegemee picha za matangazo.

Nina maonyo mengine mawili. Kunming mnayo bustani yenye jina hilohilo la Heilongtan, na majina ya namna hiyo yapo sehemu nyingi za China, kwa kuwa kila chemchemi yenye kina ilidhaniwa kuwa na joka lake. Kwa sababu hiyo unapokata tiketi au kutafuta njia kwenye ramani, andika jina la Lijiang pamoja nalo. Onyo la pili ni kuhusu ziara za bei ya chini mno. Dereva aliyetuchukua sisi alitupitisha kwanza katika duka la vyombo vya fedha na kutukalisha saa mbili, akatuachia dakika arobaini bustanini, na makumbusho hatukuyaona. Mimi nilipata utulivu siku ya pili nilipokwenda Baisha peke yangu, kijiji ambako ukoo wa Mu ulianzia kabla ya kuhamia Dayan, na ambako kuna michoro ya ukutani iliyochanganya Ubuddha wa Kitibeti na Utao, dini ya jadi ya Kichina. Kama mama anataka kuwaona Wanaxi wakiishi maisha yao, nadhani kijiji kitampa zaidi kuliko bustani.

Msomaji wa Hati alijibu:

Ndugu Mgeni wa Baisha, pole kwa dereva huyo, na nakubaliana nawe kuhusu Baisha. Lakini Dada hapa anampeleka mwalimu wa kusoma na kuandika, na kwa mwalimu wa namna hiyo siwezi kumshauri aiache bustani, kwa sababu Makumbusho ya Utamaduni wa Dongba yako karibu na lango la kaskazini, na humo ndimo atakapokutana na hati zenyewe.

Dongba ni kuhani wa Wanaxi. Ndiye anayesoma vitabu katika matambiko ya mazishi, ya kuombea maisha marefu na ya kupatana na viumbe vya maji na misitu, na maandishi yake ya picha, yenye alama zaidi ya elfu moja, hakuyajua kila mtu kijijini. Mwaka 2003 hati za kale za Dongba ziliingizwa na UNESCO katika rejista ya Kumbukumbu za Dunia. Mama akifika mbele ya kabati la kioo, amtazame kwanza mtengenezaji wa kitabu kabla ya mwandishi: karatasi nene iliyotengenezwa kwa magome ya kichaka cha milimani, kurasa ndefu na nyembamba zilizoshonwa upande wa kushoto, na mistari mitatu katika kila ukurasa iliyogawanywa kwa vipande vya wima kama vyumba. Kalamu ilikuwa ya mwanzi.

Ndani ya kila chumba kuna picha chache tu, ilhali anachokisoma Dongba ni kirefu mno kuliko picha zilizopo. Alama zinamkumbusha, maneno mengine anayabeba kichwani, aliyoyapokea kwa kusikiliza miaka mingi, mara nyingi kutoka kwa baba au mjomba wake. Ndiyo sababu Dongba mzee akifariki, kitabu kinabaki na usomaji unaondoka, na ndiyo sababu waliokaa na wazee hao bustanini mle, katika taasisi ya utafiti iliyoanzishwa kwa kazi hiyo, wakitafsiri neno kwa neno, walifanya kazi ambayo mimi binafsi naiheshimu kuliko jumba lolote la feniksi. Fundi wa Mbao anisamehe.

Kuna alama mbili ambazo ningependa mama azitafute. Maji yanayotiririka huandikwa kama mkondo unaoshuka. Kaskazini kwa Kinaxi ni kichwa cha maji, na alama yake ni nusu ya juu ya mkondo huo. Kusini ni mkia wa maji, na alama yake ni nusu ya chini. Hayo ni mawazo ya watu ambao mito yao ilishuka kutoka kwenye theluji iliyo kaskazini kwao, na mwenye kusimama bwawani akiuelekea mlima anaisoma alama hiyo kwa miguu yake. Fundi aliposema mfuate mto kinyume na mkondo wake, aliwaelekeza kaskazini kwa Kinaxi bila kukusudia.

Nimalizie na Shu, roho wa maji na misitu, kwa maana bila yeye maelezo yote ya bwawa yana pengo. Katika simulizi za Dongba, mwanadamu na Shu ni ndugu wa baba mmoja na mama tofauti. Walipogawana urithi, mwanadamu alichukua mashamba na mifugo, na Shu akachukua milima, misitu, chemchemi na wanyama wa porini. Mwanadamu hakutosheka, alikata miti kupita kiasi, akawinda hovyo, akachafua maji, na Shu akamlipa kwa magonjwa na mafuriko, mpaka ikabidi kufanyike suluhu: mwanadamu aruhusiwe kuchukua anachokihitaji, na yeye asichinje wala asimwage uchafu kwenye chemchemi, na kila mwaka apeleke sadaka. Michoro humwonyesha Shu akiwa na kiwiliwili cha mtu na mkia wa nyoka. Hekalu la mwaka 1737 lilimweka mungu joka wa Kichina mahali pale, lakini Mnaxi aliyeijua simulizi ya ndugu yake hakuhitaji kufundishwa upya kwamba chemchemi ina mwenyewe.

Kwa hiyo mpango wangu ungekuwa huu: ingieni kwa lango la kusini mapema, zungukeni bwawa taratibu mkikaa kila penye kiti, mwishie makumbusho kabla ya chakula cha mchana, kisha alasiri mpumzike. Baisha iwe siku ya kuondoka, kabla ya treni ya jioni. Pasipoti ziwe mkononi, kwa kuwa sehemu nyingi za China huziomba langoni, na uunganishe kadi yako ya benki na programu ya malipo ya simu mapema ili usihangaike na noti.

Binti wa Mwalimu aliandika:

Ndugu zangu, tumerudi Kunming juzi usiku, na naona ni deni kuwaeleza.

Bwawa lilikuwa na maji. Hayakufika kwenye alama ya zamani iliyobaki kwenye mawe, lakini yalitosha kuushika mlima wote ukiwa kichwa chini. Tulitembea kutoka magurudumu ya maji kama alivyoelekeza Fundi, na mama alisimama mara nne, mara zote kwa hiari yake. Theluji hatukuigusa, na hakuna aliyejuta. Wufenglou tulilizunguka mara mbili. Mama alihesabu ncha za mapaa kwa kidole kama anavyohesabu watoto asubuhi, akafika 24.

Makumbusho yalituchukua zaidi ya saa mbili. Nilidhani angechoka, kumbe mimi ndiye niliyetafuta kiti. Aliniuliza mambo ambayo sikuwa na majibu yake, hasa jinsi mtoto wa Dongba alivyoanza kufundishwa, kama alianza kwa kuchora au kwa kukariri, na niliposoma maelezo ya Msomaji wa Hati kwenye simu, sehemu ile ya maneno yanayobebwa kichwani, alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba mwaka wake wa kwanza kazini alikuwa na vitabu sita kwa watoto themanini, na kwamba wengi walisoma ukurasa mzima bila kuuona.

Tulipotoka alitaka kukaa tena kando ya maji. Pale kwenye benchi palikuwa na bibi mmoja wa Kinaxi, amevaa lile joho la ngozi ya kondoo lenye duara saba zilizodariziwa mgongoni, ambazo huelezwa kuwa ni nyota, na kamba zake mbili nyeupe zimepishana kifuani. Hawakuwa na lugha ya pamoja hata neno moja. Mama alimwamkia kwa Kiswahili, kwa kuinama kidogo, na bibi akasogea ili kumpa nafasi. Mama akatoa daftari, akachora mkondo wa maji unaoshuka, akaziba nusu ya chini kwa kiganja ili ibaki ile ya juu, akamgeuzia bibi ukurasa huku akiuliza kwa macho. Siwezi kusema kama yule bibi aliijua alama au aliuona mkono tu. Alicheka, akainua kidevu kuelekea mlimani, kule kaskazini, na mama akaandika neno hilo chini ya mchoro wake kwa mwandiko mkubwa wa ubaoni.